Sekunde Arobaini

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Mguu juu ya pedali, kanda inasonga;
nikiuinua, mtu ananyamaza katikati ya neno
kama aliyekabwa.
Profesa Hedlund hulipa kwa dakika.
Masharti yake: usisahihishe sarufi,
usimsafishe mtu akitukana,
na ukimya uupime, uutie kwenye mabano.
(Sekunde nne.) (Sekunde tisa.)
Ukimya nao ni data, husema,
kisha hutafuna penseli yake.

Wameshapita kumi na wanane.
Wa kwanza alisema: baba.
Wa tano: kiwanda cha karatasi kilipofungwa.
Wa saba alijibu kwa lugha ya vijitabu,
hata kikohozi chake kilikuwa cha kukariri.
Wa kumi na mbili alicheka mno.
Profesa ana ukuta mzima wa vikaratasi:
njano ni fedheha, buluu ni upweke,
nyekundu hasira, na kijani,
kijani hajaamua bado.
Anatafuta mlango walioingilia
apate kujua pa kupigilia komeo.

Namba Kumi na Tisa ana sauti ya kukwaruza.
Anaombwa aeleze siku ya kwanza.
"Haikuwa siku," anasema. "Ilikuwa paa.
Majira yale theluji ilianguka wiki tatu bila kuvuta pumzi.
Mama ana nyonga mpya ya chuma,
mimi miaka kumi na sita, mkono kwenye plasta.
Usiku boriti ya jikoni ililia.
Tukapiga simu manispaa: subirini.
Tukapiga kanisani: ikajibu mashine.
Asubuhi wakaja vijana sita na masepeto,
jaketi nyeusi, zote sare.
Hawakuhubiri. Walikwangua paa mpaka bati likaonekana,
wakanywa kahawa ya mama, wakasifu mikate yake ya iliki.
Mmoja akaniuliza jina langu,
na wiki iliyofuata alikuwa bado analikumbuka."

(Sekunde kumi na moja.)

"Nyimbo zilikuja baadaye. Orodha ya anwani, baadaye.
Yule Mkurdi muuza matunda, dirisha lake, baadaye.
Wakati huo nilishakuwa nadaiwa paa."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki:
sawa, lakini nani alitufunza kuuliza
dhiki yangu ameinunua kwa bei gani,
ataenda kuiuza wapi?

Hapo kengele ikalia nyuma ya sauti yake.
Profesa alitaja saa mwanzoni mwa kanda. Nikahesabu.
Nikarudisha nyuma, nikahesabu tena.
Nikainua mguu.
Pwani hii yote ya Härnösand
mnara mmoja tu huchelewa dakika nne,
na kivuli chake huangukia mtaa wangu.

Nalijua paa lile. Nililitazama siku ile
kutoka dirishani, kikombe mkononi,
sepeto langu limeegemea mlango, kavu.
Nikamwambia Åke, njoo uone,
na watu husema vijana wa siku hizi hawana adabu!
Niliwapungia mkono.
Mmoja akanivulia kofia.

Kiapo cha siri nimekitia sahihi; jina silitaji,
wala Profesa sitamwambia.
Ripoti itatoka mwezi wa tano, kurasa mia mbili na kumi.
Itasema "pengo la msaada wa kijamii"
na itakuwa kweli, kama ramani ilivyo kweli
bila tope hata chembe.
Huenda waziri akasoma muhtasari.
Huenda kijani kikapata maana.

Nimeurudisha mguu kwenye pedali.
"Mama alikufa Februari," anamalizia.
"Nilipotoka kundini, hakuna aliyebisha hodi.
Paa nakwangua mwenyewe."
Profesa: asante. Kiti kinasogezwa. Kanda imekwisha.

Nimeandika neno kwa neno, sarufi sijaigusa.
Chini kabisa nimeongeza mabano:

(Ukimya. Sekunde arobaini.)

Wazipe rangi waitakayo.
Si zake.