Dirisha la Darasa la Tatu B

Ubaoni bado ipo hesabu ya kutoa:
mia tano na tatu, toa mia mbili na tisa.
Mwalimu aliiacha bila jibu
siku skuli ya Konde ilipogeuzwa kambi,
madawati yakatupwa uani, vikaingia vitanda
vyenye tundu katikati, na ndoo chini ya tundu.

Mimi nimepewa dirisha.
Meza, wino, rundo la fomu, galoni la klorini,
na tangazo nililolibandika kwa uji wa ngano:
ASIYE NA BIMA AANDIKWE. HATOZWI KITU
MPAKA DHARURA ITAKAPOKWISHA.

Fomu zimekuja kwa boti kutoka Unguja.
Aliyezitunga, naapa, hulipwa kwa mwezi.
Jina kamili. Namba ya kitambulisho.
Jina la mwajiri.

"Mwajiri wangu?" Mize Shaame akacheka,
mkono juu ya tumbo la mwanawe.
"Andika Bahari. Bamvua hunilipa,
maji mafu hunikopa."
Nikaandika: mwani.

Chumu Faki, mvunja kokoto,
kidole chake hakikuacha alama,
jiwe lilishakula mistari yote.
"Mimi nimeajiriwa na nyundo," akasema,
"na nyundo yenyewe nimeinunua mimi."

Akafuata mchumaji aliyeteleza mkarafuuni mwaka juzi,
akauza makonyo, akauza jamvi,
akauza mbuzi wa aqiqa ya mtoto
ili mguu uungwe, na ukaungika vibaya.
Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia:
"Wakati ule hili dirisha lilikuwa wapi?
Au mguu wa mtu mmoja si dharura?"

Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.
Nilijifanya kalamu imekauka.

Wazee wetu walisema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.
Hapa maji ndiyo yenye wembe.

Kaije alifika usiku wa manane,
mtoto ndani ya kanga, macho yametumbukia,
ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.
Siku mbili alimfungia ndani.
Anadaiwa duka la dawa tangu vuli,
barua ya sheha hana,
na yeye ajuavyo, mlango wa tiba
huanza kukuuliza mfukoni.
Sikumwuliza hata jina. Tulitafuta mshipa,
tukaukosa, tukautafuta, tukaupata,
na fomu tukaijaza alfajiri
Hatibu akishaanza kulia kwa machozi.
Hujapata kuona watu wakifurahia machozi namna ile.

Siku ya tano akashuka kitandani,
akaokota chaki, akasimama mbele ya ubao.
Yeye ni wa darasa la pili, kutoa kwa kuazima
hawajafika. Lakini ana kichwa kigumu.
"Tatu haiwezi kutoa tisa," akasema.
"Huazima kwa jirani," nikamwambia.
Akaangalia. "Jirani ni sifuri.
Jirani mwenyewe hana kitu."
"Basi nendeni wote wawili kwa mia.
Mia anazo tano."

Akafikiri muda mrefu, chaki mdomoni,
mpaka muuguzi akamnyang'anya.

Leo simu imepigwa kutoka ofisini:
siku tatu bila mgonjwa mpya, alhamdulillahi,
kusanya fomu, funga dirisha.
Nimezifunga kwa uzi wa kushonea kofia.
Ya juu kabisa nimeiandika jana usiku, kwa mwandiko wangu:
Raya Khatib Mgeni, mtu wa kujitolea,
posho ya nauli, mwajiri hana.

Ama kufunga dirisha, nimelizunguka mara mbili.
Ni la skuli ya serikali:
matofali yenye matundu, halina ubao, halina komeo.
Watanieleza wenyewe linafungwa kwa nini.