Kumi na Mmoja

Daftari ni la shule, lina jedwali la kuzidisha mgongoni.
Mama aliandika majina kwa kalamu ya risasi,
alipokufa nikayapitia kwa wino:
Mselemu, Charo wa Mtwapa, Mwakio, Pinto mpishi,
Shekuwe, ambaye ni baba yangu,
na wengine sita.
Wote wa meli moja. Wote walipandia Kilindini.

Mwaka wa hamsini na saba walipeleka unga na mafuta
kwenye visiwa ambavyo Baba hakuweza kuvitaja,
upande ule wa dunia ambako kesho huanzia.
Waliambiwa wageuze migongo, wafumbe macho.
Walifumba. Baba aliiona mifupa ya vidole vyake
kupitia kope, kama uionavyo kokwa
ukiinua juani shokishoki iliyomenywa.
Alasiri ikanya.
Si mvua. Jivu, jeupe, laini,
kama unga wa mofa, alisema,
nasi tukapewa fagio.

Walifagia pekupeku, wakicheka.
Mwakio alijipaka usoni akawa mzungu dakika mbili nzima.
Pinto alikumbuka kufunika sufuria, lakini alichelewa.

Hospitalini, ghorofa ya pili, chumba cha kumbukumbu za saratani
(nyumbani hatulitaji neno hilo, twasema ugonjwa ule),
Daktari Nyevu alinivutia kiti
akasoma daftari lote, hata jedwali.
Damu, mmoja. Tezi ya shingo, wawili. Koo. Figo.
Watano.
"Kwa wanaume kumi na mmoja wa umri huo," alisema,
"tungetarajia wawili na ushei."
Nikamuuliza ushei ni nani.
Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Akachora mstari, akatia alama mbili zilizoachana mbali
kama mawe ya goli la watoto kule Tononoka:
kutoka sufuri nukta saba mpaka tano na nusu.
"Ukweli umo humu mwote," akasema. "Ila moja nayo imo,
na moja maana yake jivu halikufanya kitu.
Wangekuwa elfu kumi ningekujibu.
Hawa ni wachache mno, dadangu.
Yaweza kuwa bahati nasibu."

Bahati nasibu!
Baba alinunua tikiti miaka ishirini, Mwembe Tayari,
kwa siri, asimjue Mama wala imamu.
Hakupata hata blanketi.

Sikumkasirikia. Hesabu yake ilikuwa safi,
niliirudia usiku kwa taa, nikapata yaleyale.
Ila nilipofika ngazini nilisimama, watu wakanipita na faili zao,
nikawaza: walipotakiwa wafagiaji
kumi na mmoja walitosha.

Amebaki Famau, huko Kuze. Miaka themanini na minne,
meno yake mwenyewe, kahawa tungu vikombe vinne kwa siku.
Ndiye aliyelamba jivu ajue kama lina chumvi.
"Mimi ndiye nawaharibia hesabu," huniambia.
"Kula maziko nendayo Kikowani, watu hunitizama miguu."
Siku ile nilimfungulia daftari. Akavaa miwani,
akapitisha ukucha juu ya majina, polepole,
akafika kwenye lake, peke yake katika safu ya wazima,
akaniomba kalamu.
Aliweka alama ya kuuliza, ndogo,
kama anayeogopa kuchafua karatasi ya mtu.

Kila asubuhi, kabla ya kufagia kizingiti,
hunyunyiza maji kwanza, kopo zima,
vumbi lisipande.
Nilimuuliza ni nani aliyemfunza.
Alikuwa ameshainama.