Kuhama, Kuhamia

Barua nimeibana chini ya chupa ya mafuta ya zeituni
isipeperuke, ingawa madirisha yote nimeyafunga.
Mshahara: huu wa Rosario na nusu yake juu.
Nyumba: vyumba viwili nyuma ya hospitali, bila kodi.
Jibu: kabla ya Ijumaa.
Leo Jumatano.

Osmar hasemi kitu. Kazi yake kutengeneza piano za watu,
ana sikio linalojua waya gani umelegea,
na mimi ameanza kunisikia tangu Jumapili.
"Huko kuna piano ngapi?" aliuliza mara moja tu.
Moja, nikamwambia. Imo klabu ya wafanyakazi wa reli,
juu yake wamepanga vikombe vya mpira.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Nilikwenda kupaona, siku tatu, mwezi Agosti.
Saa ishirini na sita ndani ya basi,
na kituoni upepo ukanipokea kabla ya mtu yeyote.
Cerro Pardo: barabara moja ya lami, nyingine changarawe,
miti yote imeinamia upande mmoja
kama watu wanaodukua mlangoni.
Mwoka mikate, Doña Erminda, hakuniuliza jina.
"Utakaa muda gani?" ndilo swali lake.
Nikasema hata kuja bado sijaamua.
"Na yule daktari wa meno alisema hivyo hivyo."
Akanifungia mikate sita, akanilipisha mitano.

Mashine ya kupiga picha za mifupa wanayo.
Mwaka wa pili sasa imo ndani ya sanduku la mbao ukumbini,
juu yake chungu cha maua,
ubavuni watoto wameandika majina yao kwa wino
kama waandikavyo kwenye hogo la mwenzao aliyevunjika mguu.
Haina wa kuiwasha.
Siku ya pili aliletwa Nahuel, miaka tisa, kaanguka farasini,
meno ameyakaza kwenye ukosi wa baba yake.
Nikaupapasa mkono. Nilijua umevunjika.
Lakini kujua si kuona,
na kuona kulikuwa kilomita mia mbili na kumi mbele,
kwenye kiti cha nyuma cha pikapu.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Mimi nilipewa mtaimbo.
"Fungua utazame," alisema muuguzi Aurelia,
"kufungua si kukubali."
Nikang'oa msumari mmoja. Ukalia.
Wa pili sikuthubutu.

Sasa naorodhesha, kama afanyavyo mtu mzima:
goti la mama na ngazi za ghorofa nne;
Jazmín, miaka kumi na mitano, aliyeuliza mtandao unashika wapi
(nje ya posta, na karibu na tangi la maji);
deni la benki; upepo; upepo tena.
Orodha hainisaidii. Kila nikijumlisha
napata jibu la mtu mwingine.

Kuhama nakujua. Ni maboksi na gundi ya karatasi,
ni jirani kukabidhiwa mmea usioweza safari.
Kuhamia ndiko sikujui:
irabu moja tu, nyembamba,
imejipenyeza katikati kama mtu aliyeruka foleni,
na ndani yake mna baridi ya miezi saba,
mna kununua mkate kwa mtu anayejua umelia,
mna kuzeeka, labda,
mahali ambapo hakuna aliyekujua ukiwa msichana.

Msumari ule nilirudi nao.
Umo mfuko wa koti, umepinda, na vidole vyangu
huufikia kabla sijaviruhusu.

Usiku. Taa tumezima. Nadhani amelala.
"Vile vikombe," Osmar asema gizani,
"ni vya bati au vya shaba?"
Sikuvigusa, namwambia.
"Vya shaba huubonyeza ubao."
Akageukia ukutani.
Nikamsikia, kwa muda mrefu,
asivyolala.