Fungu la Mapafu

Muuguzi wa zahanati ya Muyeye
hakuniuliza habari ya moshi.
Moshi aliuona: umekaa kwenye leso yangu,
kwenye kope, kwenye sauti.
Aliuliza, "Mama Nyevu, jana ulikula nini?"

Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena.
Jana? Jana nilikaanga ngisi, tafi, vibua,
ndoo mbili na nusu,
kwa kuni mbichi za mvinje, zinatoka mapovu,
na kusi ikinirudishia usoni kila nilichokifukuza.
Kula? Chai ya rangi. Andazi la juzi.
Chai tena.

Akachora duara nyuma ya kadi yangu.
"Hiki kifua," akasema. "Moshi ukiingia
huwasha vijimoto usivyoviona.
Mwili una maji yake ya kuzimia,
lakini maji hayo hutekwa sahanini:
mchunga, pera, ndimu, samaki mwenye mafuta."
Samaki!
Mimi ninayenuka samaki hata nikiwa kanisani.

Nikamuuliza: nikila mchunga, sitakohoa?
Akanyamaza kwanza. Nikampenda kwa kunyamaza kule.
"Sikuahidi. Wanaopima bado wanapima.
Mchunga si dirisha, mama.
Dirisha ni dirisha, kuni kavu ni kuni kavu.
Ila askari mwenye njaa halindi lango."

Nilirudi Maweni kwa miguu, nikipiga hesabu.
Kibua kimoja, shilingi thelathini.
Mapera matatu, ishirini. Mchunga ni bure,
unaota ukutani kwa Mbodze, wanaoujua ni mbuzi.
Miaka kumi na tisa nimeulisha mji huu,
mabawabu, makuli, walimu, watoto wa madrasa,
na kila jioni nikajipakulia moshi,
sahani tele.

Siku hizi kibua cha kwanza kutoka mafutani
hakiendi kwenye karatasi.
Kahindi wa bodaboda hunyoosha mkono,
namwambia: hicho kina mwenyewe.
"Nani?"
Najigonga hapa, chini ya leso.

Jiko nimelihamishia nje ya ukuta,
kuni nazianika juu ya bati.
Kikohozi hakijahama.
Huja alfajiri, hubisha hodi,
hunikuta nimeketi nakamulia ndimu
mchunga wangu mchungu,
natafuna,
sikifungulii upesi kama zamani.