Pembetatu ya Saba

Daktari Torbjørg Hauknes, leo wanakuaga.
Keki iko mezani, vipande ishirini na viwili,
na sisi tu watu ishirini na watatu. Nimehesabu.
Mimi sitakula, kwa hiyo hesabu imekaa sawa.

Hujanitambua bado. Nilikuwa na miaka sita,
Trondheim, Februari kama hii, theluji imefika madirishani,
mama amekaa koridoni na glavu zangu mapajani.
Taa ya chumba chako ilikuwa ikilia.
Ulisema taa haina sauti.
Ukaniwekea picha ya baiskeli, ukashika saa:
“Sindre, nitafutie pembetatu iliyojificha.”
Nikakuuliza, ipi? Ziko saba.

Fomu yako ilikuwa na kisanduku kimoja.
Nilikiona. Kalamu ilikizunguka kama nzi
aliyekosa pa kutua,
kisha ukaandika sifuri.

Mama alilia ndani ya basi. Hayo tuyaache.

Nimesoma ulichoandika baadaye, chote, hadi tanbihi,
maana mimi nikianza kitu sikiachi njiani.
Makala za mwanzo zilisema watoto wenye usonji
huona nyuzi, nguo hawaioni.
Ukaenda nayo Lisbon, ukaenda nayo Kyoto, ukapigiwa makofi.
Kisha, mwaka wa kumi na mmoja, ukurasa wa 214,
chini kabisa, kwa herufi za kuchosha macho:
“Inawezekana kosa liko kwenye swali.”

Sentensi hiyo ilikula fedha zako za utafiti.
Wakakushusha ghorofa ya chini, ubavuni mwa mtambo wa joto,
nawe ukaendelea, na wanafunzi wawili na kiti kibovu,
ukiwauliza watoto wanaona nini,
si kama wanaona.
Ukazima zile taa za darini.
Fomu ikapata nafasi tupu, nusu ukurasa nzima.

Sasa unapita na sahani, unasimama mbele yangu.
Macho yangu yako kwenye kifungo chako cha pili;
ndivyo ninavyosikiliza.
Nataja jina langu. Sahani inainama.
“Nimepata sita,” wasema. “Miaka thelathini na moja,
Sindre, na ya saba sijaiona.”
Na picha unayo, mkobani, imechakaa kwenye mikunjo.

Twende dirishani. Ni saa nane na nusu,
jua limelala chini kama siku ile.
Shika kalamu. Naomba ruhusa niguse kiwiko chako.
Hivi. Juu kidogo.
Kivuli kinaanguka kwenye fremu, kinakata gurudumu la nyuma.
Hiyo hapo.

“Lakini huo ni mkono wangu.”
Ndiyo. Ilisogea kila ulipoandika.

Unanyamaza. Nje, trekta inakwangua theluji, mara nne, mara tano.
Kisha unachukua kisu,
unakata kipande chako cha keki katikati,
unanisogezea sahani.
Ishirini na vitatu.