Ufa wa Ghorofa ya Pili

Barua ilikuja Jumatatu, fupi, ya adabu,
kama barua ya benki kwa mtu mwenye deni.
Tutafika Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi.
Tafadhali tuandalieni chumba chenye soketi ya umeme.

Mimi, Geeske Wiersema, mkuu wa shule mwaka wa kumi na moja,
niliyewahi kumtoa popo darasani kwa kofia,
niliyewahi kumkabili baba mlevi getini bila kutetemeka,
nilikwenda chooni, nikaketi juu ya kifuniko,
nikahesabu vigae.

Mbele ya walimu nasema ukaguzi ni kioo,
na kioo hakina chuki. Nasema hivyo nimesimama wima.
Usiku, jikoni, namwambia Fokko:
kioo gani hiki kinachokuja na viatu,
kinakaa siku moja, kinakunywa kahawa yetu,
kisha kinaandika kwamba uso wako "unatosheleza"?

Na bado (hili hata Fokko simwambii)
kuna kona ndani yangu inayomsubiri mgeni huyu
kama mtoto anavyosubiri kuulizwa swali analolijua.
Miaka kumi na moja, nani mwingine amekuja
kuitazama kazi yangu, si kuilalamikia?

Jumanne tukasafisha.
Mafaili yakavikwa majalada mapya ya bluu.
Mwalimu wa Kijerumani akaandika malengo ya somo
hata kwa vipindi alivyokwisha kufundisha.
Harm, mtunza majengo, akauliza: na ule ufa?

Huku kwetu Groningen ardhi hutikisika.
Miaka mingi walifyonza gesi chini ya vitanda vyetu,
nchi ikajishusha polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.
Nyumba nyingi zina ufa wake. Wetu uko ghorofa ya pili,
kutoka dirishani hadi mlango wa maabara ya fizikia.
"Ziba," nikamwambia. "Na upake rangi."

Alhamisi akaja: Bi Roelfien Dijkema,
mwembamba, mafua yamemkaba,
koti limelowa mvua ile yetu inayonyesha kwa ubavu.
Alitazama takwimu. Alitazama ratiba.
Aliketi nyuma ya darasa, kalamu ikinong'ona,
nami kila iliponyamaza nilikufa kidogo.

Ghorofa ya pili akamsimamisha Tjaard wa kidato cha tatu,
kijana ambaye sijawahi kumwona akinyoosha mkono.
"Niambie kitu ulichojifunza hapa. Kitu chako mwenyewe."

Tjaard akaugeukia ukuta.
Akaupapasa kwa kiganja, huku na huku,
kama mtu aliyehamishiwa kitanda.
"Hapa palikuwa na ufa," akasema.
"Tuliupima kila Ijumaa. Miaka miwili.
Tarehe kwa penseli, milimita pembeni,
na duara ndogo kama usiku nchi ilitikisika.
Mimi ndiye nilikuwa nachora maduara."

Ukuta ulikuwa mweupe kama karatasi ya mtihani
ya mtoto aliyeugua siku hiyo.
Ulinuka rangi.

Bi Dijkema akanitazama. Akapenga kamasi.
Hakuandika neno.

Wanasema usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mimi niliziba.
Ukuta ndio huo.

Ripoti ilifika baada ya wiki sita.
Mazingira ya kujifunzia: nadhifu.
Tulifaulu, walimu wakaleta keki,
nami nikapanda na sarafu mfukoni, nikakwangua pale
nikitafuta japo tarehe moja.
Harm ni fundi hodari. Sikupata kitu.

Usiku wa kuamkia jana vikombe vililia kabatini.
Asubuhi nikamkuta Tjaard amepiga magoti koridoni,
kengele imeshalia, somo limeshaanza,
na katika weupe ule, unywele mmoja mweusi.

"Sifuri nukta mbili," alisema bila kugeuka.

Nilipaswa kumwuliza kwa nini hayuko darasani.
Nikachuchumaa.
Nikamshikia rula.