Jumanne ya Pili

Ufunguo wa ukumbi nilikaa nao miaka sita
ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo na betri zilizokufa.
Hakuna aliyeuuliza.
Chama chetu hakikufa kwa ugomvi.
Kilikufa kama diski:
kusuasua, kisha kukwaruza,
kisha siku moja unaita faili, haliitiki.

Mwezi wa Juni Alasdair akapiga simu.
Invercargill yote ilikuwa imejikunyata,
upepo wa kusini ukibisha hodi bila adabu.
"Noeline, printa yangu imenigomea.
Nimemuuliza mjukuu. Kaniambia ninunue nyingine."
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likianza kuunguruma.
"Zamani ningewauliza nyinyi."

Basi, ni hilo tu. Hakuna mbiu iliyolia.
Niliandika majina nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
ishirini na matatu, kwa penseli,
nikaanza kuyafuta.
Bevan: tulimzika juzijuzi tu, au ni mwaka juzi?
Mavis yuko Gore, kwenye nyumba ya wazee;
hamjui tena mwanawe, lakini muuguzi anasema
usiku vidole vyake huchapa juu ya blanketi,
na mwisho wa kila mstari kidole kidogo hushuka,
tap.
Tipene kahamia Brisbane na namba isiyolia.
Walibaki kumi na mmoja.
Waliosema ndiyo, saba.
Waliokuja, wanne na mbwa.

Nimesema hakikufa kwa ugomvi. Si kweli kabisa.
Lindsay alitaka tufundishane simu.
Alasdair akasema simu si kompyuta, ni kengele yenye kiburi.
Tukapiga kura: tisa kwa nane, simu zikashindwa,
na Lindsay akachukua koti lake.
Kura nilihesabu mimi.
Sikuzihesabu mara ya pili.

Usiku huu amerudi na koti lilelile.
Hakumsalimu mtu. Aliiona printa juu ya meza,
akapiga magoti kama fundi saa,
akaingiza kibanio cha nyusi cha Ishbel mahali pa giza
akatoa kona ya karatasi, ndogo kuliko ukucha.
"Hii," akasema.
"Hiyo?" akasema Alasdair.
Ndiyo maneno yao ya kwanza baada ya miaka sita.
Ikachapa ukurasa wa majaribio, wenye michirizi ya waridi.
Hakuna aliyepiga makofi. Mbwa alihama mguu hadi mguu.

Ishbel alikuwa akigawa mikate ya jibini ya kukunja
mlango ulipofunguka, na baridi ikaingia na kijana
mwenye buti za kukamulia ng'ombe.
Jina lake Jomar. Alikuwa ameona karatasi yangu dukani:
TUNAANZA UPYA. SWALI LOLOTE.
Kompyuta aliikumbatia ndani ya taulo kama mtoto mwenye homa.
"Imekunywa maziwa," akasema.
"Picha za mama yangu zimo humo."

Lo! Ungetuona.
Viti vilikwaruza sakafu. Vichwa vyeupe vinne
viliinama juu ya kibodi iliyonuka mtindi,
kila mmoja na bisibisi yake, kila mmoja na rai yake:
usiiwashe, toa betri kwanza,
mchele, hapana, achana na mchele, nani kakudanganya,
nishikie tochi, si hapo, hapa.
Sijui kama picha zitaokoka. Bado inakauka
juu ya hita yangu, juu chini, kama hema.

Nilitaka kuwaambia habari ya ile kura.
Nikafungua mdomo, nikauliza nani anataka chai.

Tulipozima taa Ishbel akauliza
Jumanne ya pili ya Agosti ni tarehe ngapi.
Wote tukapekua mifuko, nyuso zikamulikwa samawati,
na Alasdair naye akaitoa yake
kutoka mfuko wa ndani kabisa,
haraka, kama mgonjwa wa kisukari anayeiba jamu.
Lindsay aliona.
Akamshikia mlango.